Utumbo unaposhindwa kazi: Sababu ya maji na madafu kutokata kiu ya mgonjwa

Jua linapoelekea kuzama, barabara ya Mama Ngina mtaani Kizingo, kisiwani Mombasa, hujaa watu. Familia huketi karibu na mibuyu mikongwe zikitazama meli zinazoingia na kutoka bandari ya Kilindini, huku wachuuzi wakiwauzia mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, pamoja na madafu yanayokatwa papo hapo.

Pwani hakuna kinywaji kinachosifiwa kama dafu. Hupewa mwenye homa, hupewa anayeharisha, hupewa aliyeshinda juani. Lakini yupo mgonjwa ambaye akinywa madafu mawili matatu ili kutuliza kiu, atarudi nyumbani akiwa na kiu kubwa kuliko aliyotoka nayo. Akiendelea hivyo kwa siku kadhaa, huenda akafikishwa hospitalini akiwa amebebwa. Huyo ni mgonjwa ambaye utumbo wake umeshindwa kufanya kazi.

Habari za figo kushindwa, moyo kushindwa au ini kushindwa zimezoeleka masikioni mwa wengi. Utumbo haukumbukwi sana katika orodha hiyo, pengine kwa sababu watu huuchukulia kuwa ni bomba tu la kupitishia chakula. Hata hivyo, nao ni kiungo kama hivyo vingine, na unaposhindwa, mwili hukosa chakula na maji kwa wakati mmoja, hata kama sahani imejaa na mtungi uko kando ya kitanda.

Neno hilo la kitabibu si la zamani sana. Lilianza kutumiwa rasmi mwaka 1981 na madaktari Fleming na Remington. Mwaka 2015, chama cha wataalamu wa lishe ya wagonjwa barani Ulaya kilitoa maana inayofuatwa sasa: utumbo huhesabiwa kuwa umeshindwa pale uwezo wake wa kufyonza chakula, maji na chumvi unaposhuka chini ya kiwango cha kumtosheleza mtu, hivi kwamba ni lazima aongezewe kwa njia ya mshipa wa damu ili aendelee kuwa na afya au, akiwa mtoto, aendelee kukua. Uwezo ukipungua bila kufikia haja ya mshipa, huo huitwa upungufu wa utumbo.

Mto wa lita nane

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa kati ya mita tatu na mita nane, na tofauti hiyo kubwa baina ya mtu na mtu ni jambo litakalorejewa hapa chini. Baada yake kuna utumbo mpana, wenye urefu wa takribani mita moja na nusu.

Mtu hunywa kama lita mbili za maji kwa siku. Juu ya hizo, mwili wenyewe humwaga ndani ya njia ya chakula lita nyingine sita au saba: mate, majimaji ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho na yale yanayotoka katika ukuta wa utumbo. Kwa hiyo kila siku mto wa takribani lita nane hupita ndani ya mtu. Mwenye afya haujui mto huo, kwa kuwa karibu maji yote hufyonzwa na kurudi katika damu, na kinachotoka na choo ni kiasi kisichofika hata glasi moja.

Sehemu za mto huo zina kazi tofauti. Sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, iitwayo jejunamu, hufyonza sukari, protini, mafuta na vitamini nyingi. Sehemu ya chini, iitwayo ileamu, hukusanya chumvi ya nyongo na vitamini B12, kazi ambayo sehemu nyingine haiwezi kuirithi. Utumbo mpana hurudisha maji na chumvi, na zaidi ya hapo, vijidudu vilivyomo huchachusha mabaki ya wanga na kuyageuza kuwa nguvu inayoweza kufika karibu kalori elfu moja kwa siku kwa mgonjwa mwenye utumbo mfupi. Ndiyo maana daktari anayemhurumia mgonjwa wake huhesabu kila sentimita ya utumbo mpana iliyosalia.

Wataalamu hugawa hali hii katika aina tatu. Ya kwanza ni ile ya siku chache, ambapo utumbo husimama baada ya upasuaji kisha ukaamka wenyewe. Hii hutokea mara nyingi na hupita. Ya pili huchukua wiki au miezi, na kwa kawaida humpata mgonjwa aliyepata usaha tumboni, mshono ulioachia, au fistula, yaani tundu lisilotakiwa linalotoa chakula nje kupitia kidonda. Ya tatu ni ya kudumu, na sababu yake kuu ni utumbo kubaki mfupi baada ya sehemu kubwa kukatwa. Kwa mtu mzima, utumbo mwembamba ulio chini ya mita mbili huitwa mfupi.

Chumvi ndiyo shida, si maji

Mgonjwa aliyekatwa utumbo mara nyingi huachiwa stoma, yaani mdomo wa utumbo uliofunguliwa katika ngozi ya tumbo ili uchafu utokee humo na kuingia katika mfuko. Ikiwa mdomo huo uko juu, kwenye jejunamu, kinachotoka si choo bali ni ule mto wenyewe, na unaweza kufika lita tatu, nne au zaidi kwa siku.

Majimaji hayo yana chumvi nyingi. Kila lita moja inayotoka hubeba takribani gramu sita za chumvi, sawa na kijiko cha chai. Kwa kulinganisha, Shirika la Afya Duniani humshauri mtu mzima wa kawaida asile zaidi ya gramu tano kwa siku nzima. Mgonjwa anayetoa lita tatu hupoteza chumvi ya zaidi ya siku tatu za mwenziwe.

Hapo ndipo kitendawili cha dafu kinapofumbuliwa. Ukuta wa jejunamu hauwezi kuzuia chumvi na maji visipite. Huvuja pande zote mbili. Mtu anapokunywa maji matupu, chai, kahawa au dafu, vyote hivyo vikiwa na sodiamu chache kuliko damu, sodiamu hutoka katika damu na kuingia ndani ya utumbo ili kusawazisha. Kama utumbo uliobaki ni mrefu, sodiamu hiyo hufyonzwa tena huko mbele. Kama utumbo unaishia karibu, hakuna mbele. Maji hutoka, na chumvi ya mwili hutoka pamoja nayo. Mgonjwa hunywa glasi moja na kupoteza zaidi ya glasi moja.

Mwili uliokosa chumvi huona kiu. Mgonjwa huongeza maji, mfuko hujaa haraka zaidi, kiu huzidi. Jamaa wanaomtazama humhimiza anywe zaidi kwa mapenzi, na kila glasi humsukuma chini hatua moja. Vinywaji vitamu sana, kama soda na sharubati, vina madhara yao tofauti: sukari nyingi huvuta maji kutoka mwilini hadi ndani ya utumbo. Dafu nalo lina potasiamu nyingi, jambo ambalo kwa kawaida ni sifa, lakini huwa hatari figo zinapoanza kulegea kwa kukauka.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ambao mgonjwa wa aina hii hupewa huwashangaza wengi: apunguze maji. Maji matupu, chai, kahawa na madafu, vyote kwa jumla, huwekewa mpaka wa kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Kiu inayobaki hukatwa kwa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, yanayonywewa kwa mafunda madogo madogo siku kutwa.

Elimu ya maji hayo haikutoka katika maabara za matajiri peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 iligunduliwa kwamba sukari na sodiamu huingia katika ukuta wa utumbo zikiwa zimeshikana mikono, na maji huzifuata. Mwaka 1971, wakati wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipokufa kwa kipindupindu kambini Bangaon nchini India na dripu zikaisha, Daktari Dilip Mahalanabis aliwapa maji ya chumvi na sukari kwa kinywa, na vifo vikapungua sana. Pakiti ya ORS inayogawiwa leo katika kila zahanati ya Pwani imetokana na kazi hiyo.

Ni muhimu kufahamu, hata hivyo, kwamba pakiti ya sasa haikutengenezwa kwa ajili ya mwenye utumbo mfupi. Tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza sodiamu iliyomo kutoka milimoli 90 hadi 75 kwa lita, kwa sababu kiasi hicho kinawafaa zaidi watoto wanaoharisha. Mwenye stoma ya juu anahitaji 90 au zaidi. Mchanganyiko unaotumiwa sana Uingereza ni gramu 20 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya kawaida na gramu 2.5 za bikaboneti ya sodiamu katika lita moja ya maji safi. Vitu hivyo vitatu vinapatikana kwa mfamasia yeyote wa mjini, na gharama yake haizidi ya mlo mmoja. Ladha yake si nzuri. Ikiwekwa kwenye friji na kukamuliwa ndimu kidogo hunyweka. Kipimo kitolewe na daktari, hasa kwa mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo, na vijiko visikisiwe kwa macho.

Katika miezi ya kaskazi, joto la Mombasa linapomfanya hata aliyekaa kivulini atokwe na jasho, hesabu hiyo hubana zaidi, kwani jasho nalo hubeba chumvi.

Namna utumbo unavyopotea

Katika nchi za Ulaya, wengi wa wagonjwa hawa hupoteza utumbo kwa ugonjwa wa Crohn, kwa damu kuganda katika mishipa ya utumbo, kwa mionzi ya saratani au kwa upasuaji ulioharibika. Afrika Mashariki nayo inayo hayo, lakini ina orodha yake ya zamani.

Ya kwanza katika orodha hiyo ni msokoto. Utumbo mpana, hasa sehemu ya chini iliyo ndefu na inayoning'inia, hujizungusha na kujikaba. Upo pia msokoto mbaya zaidi ambao madaktari wa eneo hili wameuzoea kuliko wenzao wa Ulaya: utumbo mwembamba huzunguka ule mpana na vyote viwili kufunga fundo. Mwaka 1967 daktari wa upasuaji J.J. Shepherd alichapisha habari za wagonjwa 92 wa fundo hilo nchini Uganda. Fundo hilo likikazwa, damu hukatika, na nyama ya utumbo huanza kuoza ndani ya saa chache.

Kisha kuna ngiri. Mtu huishi nayo miaka mingi, akiisukuma kwa kidole na kurudi kazini, hadi siku moja utumbo unapoingia katika tundu na kubanwa usirudi. Homa ya matumbo, yaani taifodi, isipotibiwa mapema hutoboa ileamu. Kifua kikuu cha tumbo hubana utumbo na kuufunga. Kwa watoto wachanga na wale wa chini ya miaka miwili, kipande cha utumbo huweza kuingia ndani ya kingine kama mkono wa shati uliokunjwa, na mtoto hulia kwa vipindi huku akitoa choo chenye damu na kamasi. Majeraha ya ajali, risasi na visu hufunga orodha.

Sababu hizi karibu zote zina jambo moja zinalofanana: utumbo haupotei kwa ugonjwa wenyewe pekee, bali kwa saa zinazopita kabla ya tumbo kufunguliwa. Mgonjwa anayefikishwa mapema hufunguliwa fundo na utumbo ukarudi rangi yake. Anayechelewa hukatwa mita mbili.

Wakaazi wa kisiwani wana hospitali karibu. Kizingo yenyewe ina Hospitali ya Aga Khan, na Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo ndiyo ya rufaa kwa eneo zima, iko kisiwa hicho hicho. Kwa anayetoka upande wa kusini, vijiji vya Kwale, mambo ni tofauti. Kwanza huanza dawa ya kienyeji ya tumbo, kisha panadoli ya dukani, kisha zahanati, kisha gari la kukodi, na mwisho foleni ya kivuko cha Likoni. Saa sita huyeyuka hivyo bila mtu yeyote kuonekana amezembea.

Dalili zinazotakiwa kumpeleka mtu hospitalini usiku huo huo ni nne zikiandamana: maumivu makali ya tumbo yasiyotulia, kutapika hasa matapishi ya kijani, tumbo kujaa na kukaza, na kutopitisha choo wala hewa. Ngiri iliyokuwa ikirudi ndani na sasa hairudi, tena inauma, ni dharura hata kabla dalili nyingine hazijajitokeza. Kumpa mgonjwa wa namna hiyo dawa ya kuharisha ili "afunguke" ni kumsukuma kuelekea kutoboka utumbo.

Ulizeni kilichobaki

Baada ya upasuaji, jamaa huambiwa, "Tumetoa mita mbili za utumbo." Taarifa hiyo husemwa kwa uzito, lakini haimsaidii sana daktari atakayemwona mgonjwa mwezi unaofuata. Kwa kuwa watu hutofautiana kutoka mita tatu hadi nane, aliyetolewa mita mbili huenda kabakiwa na sita, na huenda kabakiwa na moja.

Linalofaa kuandikwa katika karatasi ya kutoka hospitalini ni urefu uliobaki, uliopimwa kwa uzi au rula wakati tumbo liko wazi, pamoja na maelezo ya sehemu iliyobaki: je, ileamu ipo? Utumbo mpana upo, na umeunganishwa? Tarakimu hizo ndizo zinazotabiri maisha ya mgonjwa. Kwa makadirio ya watafiti, mtu mzima mwenye stoma ya jejunamu na utumbo usiofika sentimita 100 huwa anahitaji mshipa maisha yake yote. Jejunamu ikiwa imeunganishwa na utumbo mpana, mpaka hushuka hadi kama sentimita 60. Ukiwepo utumbo mpana mzima, kipande cha mwisho cha ileamu na vali yake, sentimita 35 zaweza kutosha.

Ndiyo sababu daktari wa upasuaji mwenye busara, anapokuta utumbo ambao rangi yake ina shaka, hakati yote mara moja. Hutoa kile kilichokufa waziwazi, hufunga tumbo kwa muda, na hulifungua tena baada ya saa 24 hadi 48 kutazama kama kilichokuwa na shaka kimefufuka. Jamaa huona kama mgonjwa amepasuliwa mara mbili kwa uzembe. Kumbe ile mara ya pili ndiyo iliyotafuta sentimita thelathini za kumtoa katika mshipa.

Utumbo uliobaki hujifunza. Ndani ya mwaka mmoja hadi miwili hunenepa ukuta, hutanuka na hufyonza zaidi ya ulivyofyonza mwanzo, mradi chakula kinapita ndani yake. Utumbo unaoachwa bila chakula hunyauka. Kwa hiyo hata mgonjwa anayelishwa kwa mshipa huhimizwa kula.

Matibabu ya kila siku

Dawa zinazotumiwa si za ajabu. Loperamaidi, ambayo wengi huijua kama kidonge cha kuzuia kuharisha, humezwa nusu saa kabla ya kula ili kupunguza mwendo wa utumbo. Wagonjwa hawa hupewa dozi kubwa kuliko za kawaida, na kwa sababu dozi kubwa zaweza kuvuruga mapigo ya moyo, ni daktari anayepaswa kuzipanga. Omeprazoli hupunguza majimaji ya tumbo, hasa katika miezi sita ya mwanzo ambapo tumbo humwaga kupita kiasi. Aliyepoteza kipande cha mwisho cha ileamu huhitaji sindano za vitamini B12 maishani mwake mwote. Madini ya magnesi hupungua pia, na ganzi au mkakamao wa misuli ni dalili yake.

Chakula nacho hutegemea kilichobaki. Mwenye stoma na asiye na utumbo mpana katika njia anaweza kula mafuta na tui la nazi bila woga mwingi, na aongeze chumvi mezani waziwazi, kinyume cha mahubiri yote ya afya anayoyasikia redioni. Mwenye utumbo mpana uliounganishwa hufaidika zaidi na wanga: wali, ugali, ndizi, viazi, mihogo. Huyo hupunguza mafuta, na mchicha na karanga pia, kwa sababu vina oksaleti ambayo kwake hufyonzwa kupita kiasi na kuunda mawe ya figo. Wote wawili hutakiwa kula karibu mara mbili ya mtu wa kawaida, kwa milo midogo mingi, kwa kuwa nusu ya chakula hupita bila kufyonzwa. Kwa familia ya kipato kidogo huu ni mzigo usiotajwa katika vitabu vya tiba.

Mwezi wa Ramadhani huleta swali ambalo Mombasa haliwezi kuepukwa. Mgonjwa mwenye stoma ya juu akikaa saa kumi na tatu bila kunywa maji ya chumvi, huku utumbo ukiendelea kumwaga, hukauka kabla ya magharibi. Sheria ya Kiislamu imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona hutoa fidia kwa kulisha maskini. Hata hivyo wapo wanaofunga kimyakimya kwa kuona haya, na ni vyema daktari aulize bila kungoja kuambiwa.

Kulishwa kwa mshipa

Dawa na chakula vikishindwa, hubaki mshipa. Hadi miaka ya 1960 hapakuwa na njia ya kumlisha mtu kikamilifu kwa damu. Sukari na protini nzito ziliunguza mishipa midogo ya mkono. Daktari Stanley Dudrick na wenzake mjini Philadelphia, Marekani, walipitisha mrija hadi katika mshipa mkubwa karibu na moyo, ambako damu ni nyingi ya kutosha kuzimua lishe hiyo. Walianza kwa watoto wa mbwa, wakawakuza hadi utu uzima bila kula kwa kinywa. Mwaka 1968 walichapisha matokeo yao, pamoja na ya mtoto mchanga wa kike aliyezaliwa karibu bila utumbo, ambaye aliongezeka uzito kwa njia hiyo.

Katika nchi tajiri mgonjwa hufundishwa kujiunganisha mwenyewe nyumbani usiku na kujifungua asubuhi, akaenda kazini. Wapo walioishi hivyo kwa miongo. Lakini njia hiyo hudai friji isiyozimika, pampu, lishe iliyochanganywa mahali pasipo na vijidudu, na mikono safi kila siku. Mrija ukiingiza bakteria, damu huchafuka, na mgonjwa huweza kufa kwa siku mbili. Baada ya miaka, ini huweza kuharibika na mishipa mikubwa kuziba moja baada ya nyingine. Afrika Mashariki lishe ya mshipa hutolewa zaidi ndani ya hospitali kubwa, kwa siku au wiki. Mpango wa kuipeleka nyumbani kwa miaka haujajengeka kama Uingereza au Ufaransa.

Hapa hali halisi ya eneo hili hubadilisha mpangilio wa tiba. Mahali ambapo mshipa wa kudumu haupo, lengo huwa ni kuufanya usihitajiwe. Njia moja isiyo ghali hutumika kwa mgonjwa mwenye midomo miwili ya utumbo, ule wa juu unaomwaga na ule wa chini uliokaa bure. Majimaji yanayotoka juu huchujwa na kurudishwa kwa mrija katika mdomo wa chini, ili utumbo ulioachwa bila kazi uyafyonze. Hospitali zenye uzoefu Ulaya na Afrika Kusini hufanya hivyo. Vifaa vyake ni mrija, sindano kubwa na muuguzi mwenye subira, na kwa baadhi ya wagonjwa huondoa haja ya mshipa hadi siku ya kuunganishwa.

Kuunganisha stoma na utumbo uliobaki, hasa utumbo mpana, ndiyo tiba yenye faida kuu kuliko dawa zote. Haifanywi kwa pupa. Tumbo lililokuwa na usaha huhitaji kusubiri miezi, mara nyingi mitatu hadi sita, hadi makovu yalainike. Anayelifungua mapema huweza kutoboa utumbo mpya na kupunguza ule mchache uliobaki. Familia inayomshinikiza daktari "amalize kazi" haitambui kwamba kungoja huko ni sehemu ya kazi.

Kwa watoto wachanga pengo ni la kutisha. Wapo wanaozaliwa utumbo ukiwa nje ya tumbo kupitia tundu kando ya kitovu. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2021, uliohusisha hospitali 264 katika nchi 74, ulionyesha kuwa vifo vya watoto hao ni asilimia 90 katika nchi za kipato cha chini, karibu asilimia 32 katika za kipato cha kati, na asilimia 1.4 katika nchi tajiri. Ugonjwa ni ule ule na tundu ni lile lile. Kinachotofautiana ni joto la mtoto njiani, maji ya mshipa katika saa ya kwanza, utumbo kufunikwa kwa mfuko safi, na lishe ya mshipa kwa wiki chache hadi utumbo uamke. Nne hizo, isipokuwa ya mwisho, hazihitaji hospitali ya kifahari.

Zipo pia tiba mpya. Sindano ya teduglutaidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, huchochea ukuta wa utumbo kukua na huwapunguzia baadhi ya wagonjwa siku za mshipa, lakini bei yake ni mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka. Kupandikiza utumbo wa mtu mwingine kulianza kufaulu mwishoni mwa miaka ya 1980 na hufanywa katika vituo vichache duniani, kwa wale tu ambao lishe ya mshipa imewashinda.

Kwa mgonjwa aliyeko nyumbani Kizingo, Majengo au Likoni, vipimo vya maana zaidi havihitaji mashine. Ni jagi lenye alama za kupimia kinachotoka katika mfuko, jagi jingine la mkojo, na mizani ya kujipimia kila asubuhi. Mfuko ukizidi lita mbili kwa siku, mkojo ukipungua chini ya kama mililita 800, au uzito ukishuka kilo mbili ndani ya siku chache, mwili unakauka, hata kama mgonjwa amekunywa siku nzima. Hospitalini, kipimo cha sodiamu kwenye damu chaweza kuonyesha hali ya kawaida wakati akiba imekwisha. Kipimo cha sodiamu kwenye mkojo ndicho kinachosema kweli mapema, na tarakimu iliyo chini ya milimoli 20 kwa lita inamaanisha kuwa figo zinang'ang'ania kila chembe ya chumvi. Daktari akiiona tarakimu hiyo, swali lake la kwanza litakuwa ni nini mgonjwa alikuwa akinywa, na ni glasi ngapi.